Niliiangusha Hadithi ya Wifi Yangu

Nimekosa. Naanza na hilo kabla sijaanza kujitetea, maana najijua. Nikipewa nafasi nitajitetea mpaka mwenye kosa aonekane mtu mwingine.

Mimi ni mwanamke, mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari huku Same. Jina langu siliandiki, na majina ya wengine nimeyabadilisha. Wanaonijua watanijua tu. Na wanijue! Nimechoka kuamkiwa njiani na watu wasiojua wanamwamkia nani.

Kaa karibu basi nikueleze. Sijawahi kumsimulia mtu jambo hili lote kwa mpangilio. Hata polisi niliwapa vipande vipande.

Kulikuwa na shindano la kuandika hadithi fupi. Halikuwa shindano kubwa. Waandaaji ni kikundi cha wapenda kusoma hapa mjini, wakisaidiana na mtangazaji mmoja wa redio, binti wa Makanya, nitamwita Zaina. Kila mtu aliruhusiwa kuandika, awe mkulima, fundi cherehani, mwanafunzi au mama wa nyumbani, ilimradi hajawahi kuchapisha kitabu. Unaandika kwenye simu yako, unamtumia Zaina. Mshindi, hadithi yake inasomwa redioni.

Majaji tulikuwa watatu. Mimi, Zaina mwenyewe, na mzee mmoja mstaafu, Mwalimu Elieza, ambaye mimi aliwahi kunifundisha darasani.

Sasa sikia kinachonikereketa. Mwaka uliotangulia watu walilalamika kwamba mshindi alikuwa mtoto wa rafiki wa jaji. Safari hii, tulipokaa kupanga, mimi ndiye niliyesimama nikapiga kelele. Nikasema majina yote yatolewe, kila hadithi ipewe namba. Nikasema jaji akikutana na hadithi inayomgusa, iwe ya mtu wake au ya jambo lake, aseme wazi na akae pembeni, wengine wawili waamue. Wakanipigia makofi! Zaina akanialika redioni nikayarudia yaleyale, na sauti yangu ikapanda milimani kote.

Haki. Nililitamka neno hilo mara nyingi kuliko mtangazaji.

Hadithi zilipokwisha kuingia, Zaina alizichapisha bila majina, akampa kila jaji bahasha yake. Nikarudi nayo nyumbani. Jumapili baada ya ibada nikavuta kiti barazani, kalamu nyekundu mkononi, nikaanza kusoma.

Nyingi zilikuwa za kawaida. Mtoto yatima anasoma kwa shida anakuwa daktari. Mwanamume anaoa jini. Moja ilinichekesha mpaka jirani akachungulia, ilikuwa ya mbuzi aliyeingia kanisani katikati ya ndoa akala maua ya bibi harusi. Nikaipa alama nzuri.

Halafu nikafika kwenye iliyoitwa "Mlango wa Jikoni".

Ilianza na mwanamke asiye na jina, mke wa mtu, katika nyumba ya milimani. Mume wake ni mzee wa kanisa, mtu wa maneno taratibu, anayeombwa kusuluhisha ugomvi wa majirani. Akirudi nyumbani hapigi kelele. Anaongeza sauti ya redio, nyimbo za kwaya, kisha anaurudisha mlango wa jikoni. Watoto wakisikia ule mlango unagonga fremu, wanajua watoke waende kwenye migomba. Na mama mkwe, aliyekaa nje akichambua maharage, anaitikia zile nyimbo kwa sauti kubwa zaidi ili asisikie.

Jamani, iliandikwa! Nimefundisha lugha miaka mingi, najua maandishi yanayopumua. Nilisahau kalamu. Mkono ulikuwa umelala tu kwenye karatasi.

Nikageuza ukurasa. Akaingia mhusika mwingine, wifi. Wifi huyu ni mwalimu mjini. Kila Krismasi anapanda na mikate, sukari na kitenge cha zawadi. Anamkuta mke wa kaka yake jikoni, karibu na moto, kajifunga mtandio mpaka shavuni, jicho moja halionekani vizuri. Wifi anamtazama. Anautazama ule mtandio. Kisha anasema, "Huku kwenu baridi imezidi mwaka huu."

Nikahisi uso unawaka.

Hayo maneno ni yangu. Niliyasema mimi, kwa mdomo wangu, jikoni kwa kaka yangu, Krismasi iliyokuwa imepita. Hayakuwa maneno ya kufanana, yalikuwa yenyewe.

Kaka yangu nitamwita Eliamani. Anaishi kwetu, kijiji kimoja cha juu, ukipanda kwenda Vudee. Ni mzee wa kanisa. Mke wake nitamwita Nakijwa. Alimaliza kidato cha nne kabla hajaolewa, msichana mpole, mwenye kupenda kusoma hata karatasi iliyofungiwa chumvi. Sikuwahi kujua kwamba anaandika.

Na nisikufiche, nilijua. Nilijua kuhusu lile shavu. Nilijua kuhusu mkono uliowahi kuteguka "kwa kuteleza", na jino lililotoka "kwa kugongwa na ng'ombe". Nilikuwa najua kama mtu anavyojua kuna nyoka darini, akaamua kutoangalia juu.

Kwa nini? Kwa sababu Eliamani aliacha shule baba alipofariki ili mimi niendelee. Alilima yeye, nikasoma mimi. Kila nilichonacho, hata hiki Kiswahili ninachojivunia, kimepita mikononi mwake. Nilimpenda kaka yangu. Nampenda hata sasa, Mungu anisamehe, na hilo nalo linanichanganya akili.

Lakini nikisema nilifanya niliyoyafanya kwa ajili yake nitakuwa nakudanganya. Kilichonichoma pale barazani hakikuwa aibu ya kaka. Kilichonichoma ni yule wifi wa kwenye hadithi, na mikate yake na kitenge chake. Nilikuwa nimejidhania mtu mwema! Nakijwa alikuwa ameniandika kama nilivyo.

Hadithi iliishia hivi. Wifi anaaga, anashuka mpaka barabarani, gari linafika. Amekwisha weka mguu mmoja ndani. Anaushusha. Anamwambia dereva aende. Anapanda tena kile kilima kwa viatu vyake vya mjini, anaufungua ule mlango wa jikoni, anamfungua mwanamke mtandio na kumuuliza, "Nani amekupiga?"

Basi. Hapo ndipo ilipokoma.

Nilichukua kalamu nyekundu nikaandika chini: "Mwisho hauaminiki. Mhusika anabadilika bila sababu." Nikaipa alama za chini kuliko hadithi zote, chini hata ya ile ya jini.

Wiki hiyo tukakutana majaji, chumba cha nyuma ya duka la vifaa vya ofisi. Joto la Same unalijua. Zaina alileta soda na karanga. Mwalimu Elieza hakugusa hata soda, alikuwa na karatasi moja tu mbele yake.

"Mimi nimemaliza," akasema. "Mshindi wangu ni huyu wa mlango wa jikoni. Nimesahihisha insha za watoto maisha yangu yote, lakini hii nilipoisoma niliivua miwani nikaiweka chini."

"Na mimi ni huyohuyo," Zaina akadakia. "Nilisoma nikiwa studio, nikashindwa kuingia hewani kwa wakati."

Wakanigeukia. Hapo, ndugu msomaji, palikuwa na njia iliyo wazi kabisa, niliyoichonga mwenyewe. Ningesema tu: hii inanigusa, naomba nikae pembeni. Maneno machache tu! Wala nisingelazimika kueleza sababu.

Nikasema, "Mimi sikuipenda."

Zaina akacheka akidhani natania.

"Si hadithi hii," nikaendelea. "Haya ni masimango ya mke anayemsema mume wake. Sanaa iko wapi hapo? Mwisho wenyewe ni wa uongo. Mtu aliyefumba macho kurasa zote, ghafla anayafumbua? Kwa nini?"

"Lakini hapo ndipo penye nguvu yake," Mwalimu Elieza akasema polepole. "Watu hubadilika, binti yangu."

"Kwenye hadithi lazima tuambiwe kwa nini. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Nilimpiga kwa fimbo yake mwenyewe, na nilijua ninachofanya.

Zaina hakukubali. Akasema hakuna jina la mtu mle ndani, wala la kijiji, na kwamba wanawake wengi wangejisikia wakiisikia. Nikamkatiza. Nikamwambia yeye bado mtoto, hajui sheria, kwamba mume akijitambua atalishitaki shindano na redio yake, na kazi yake itaondoka. Nikaona anaogopa. Nikaongeza. Mungu wangu, nikaongeza! Nikasema tunaweza kuharibu ndoa ya watu kwa sababu ya kupenda maandishi.

Mwalimu Elieza akavua miwani, akanitazama. "Kuna yeyote hapa anamjua mwandishi?"

"Simjui," nikasema.

Hilo ndilo la kwanza nitakaloulizwa siku yangu ikifika.

Walinikubalia. Walinikubalia kwa sababu mimi ndiye mwalimu wa lugha, na kwa sababu mimi ndiye niliyepigania haki. Nani angemshuku mtu wa namna hiyo? "Mlango wa Jikoni" ikaondolewa hata kwenye zile za kutajwa. Ushindi ukaenda kwa yule wa mbuzi.

Ningeishia hapo ningekuwa mwizi wa alama tu. Sikuishia hapo.

Jioni ileile, kabla jua halijazama, nilimpigia simu kaka yangu. Nilijiambia namsaidia Nakijwa, asije akaituma kwingine ikamletea matata. Uongo. Nilikuwa na hasira, nilitaka mtu anikasirikie pamoja.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba mdogo wangu. Habari za huko kwenye joto?"

"Mwangalie mkeo. Anaandika mambo ya ndani anayatuma mjini."

Nyuma yake nilisikia kuku.

"Mambo gani?"

Nikamwambia. Nikamsimulia yote, redio, mlango, mama na maharage. Nilikuwa naongea kwa kasi kama mtu aliyeonewa. "Na mimi kaniweka humo! Eti nashuka mpaka kwenye gari, kisha narudi kumfungulia mlango!"

Eliamani akacheka kidogo, kile kicheko chake cha taratibu. "Asante sana kwa kuniambia. Usiwe na wasiwasi. Nitazungumza naye."

Nitazungumza naye.

Nilijua maana yake. Nilikaa na simu mkononi, nikijua, na sikupiga tena. Nilikwenda kuosha vyombo.

Zikapita siku chache. Sherehe ya kutoa zawadi ilifanyika Jumamosi, ukumbini hapa mjini. Mimi nilikaa mbele, nimefungiwa ua kifuani. Mshindi alikuwa dereva wa bodaboda kutoka Mamba, huko milimani, kijana mwenye mke na watoto, amevaa koti la kuazima. Alipoitwa alishindwa kutembea, akakaa chini kwanza akacheka, watu wakacheka naye. Zaina akaanza kusoma hadithi yake.

Simu yangu ikatetemeka. Ni mama.

"Mke wa kaka yako ameanguka shambani," akasema. "Ameteleza kwenye matuta. Wanamleta huko hospitali. Nenda ukampokee, na usiseme sana."

Usiseme sana! Mama yangu mzazi.

Nilimkuta mapokezi, kwenye benchi, amelazwa kichwa mapajani kwa jirani yake aliyemshusha kwa Noah, gari dogo la abiria. Sikumtambua. Nasema kweli, nilimpita nikaendelea kumtafuta. Ni yule jirani aliyeniita. Mkono wa kulia ulikuwa umevimba ukawa si mkono. Na kitenge alichofungwa kiunoni kilikuwa kimelowa damu. Kitenge chenyewe nilikuwa nimemletea mimi.

Alikuwa mjamzito. Hakuna aliyeniambia. Mimba ilikuwa imekwisha toka njiani.

Nesi akauliza, "Imekuwaje?"

Jirani akafungua mdomo. Mimi nikamwahi. "Ameteleza shambani," nikasema. "Huko kwetu ni miinuko."

Nesi akanitazama kwa muda mrefu. "Wewe ni nani wake?"

"Wifi yake."

Akaandika. Jirani akaniangalia, akasonya, akaenda kusimama mlangoni. Hakunisemesha tena siku ile.

Unaona jinsi nilivyo? Hata damu ilipokuwa mbele yangu, ulimi wangu ulikimbilia kulekule.

Kesho yake niliruhusiwa kuingia wodini. Nakijwa alikuwa macho, mkono umefungwa plasta, uso umegeukia ukutani. Nikakaa. Nilikuwa nimebeba uji kwenye chupa, sikujua niuweke wapi.

"Pole wifi."

Bila kugeuka, akauliza, "Uliisoma?"

Nilijifanya sielewi. "Nini?"

"Hadithi."

Nikauliza, "Ulijua mimi ni jaji?"

"Nilikusikia redioni. Ulisema majina yatatolewa. Ulisema jaji akiguswa atasema." Alikuwa anaongea kwa shida, midomo imepasuka. "Nikasema, sasa ndiyo nafasi."

"Nafasi ya kushinda?"

Akageuka. Jicho moja lilikuwa limefumba kabisa.

"Kushinda nini, wifi? Niliandika uisome wewe. Ningekupigia simu nikakuambia kaka yako ananimaliza, ungenisikiliza? Ungeniambia nivumilie, nimwombee. Nikafikiri, huyu ni mwalimu, akipewa karatasi anasoma mpaka mwisho. Akijiona mle atakuja. Nilitaka uje tu."

Niliiweka ile chupa ya uji sakafuni.

"Uliisoma mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

Akatikisa kichwa taratibu. "Basi ni wewe uliyemwambia. Nilikuwa nabisha moyoni, nasema si wifi. Lakini alikuwa anaujua mwisho. Simu yangu nilikuwa nimeifuta kila kitu, asingeweza kuusoma. Alikuwa ananipiga huku anauliza, yuko wapi huyo wifi yako, mbona haji kufungua mlango?"

Nikaanguka kwenye sakafu ya wodi. Sijui niseme vipi. Nikamshika miguu, nikamwambia ndiyo, ni mimi, nisamehe, ni mimi niliyempigia. Wagonjwa wengine wakainuka vitandani.

Nakijwa akasema, "Inuka, watu wanaangalia." Akageukia tena ukutani.

Nilitoka nikamtafuta yule nesi. Nikamwambia nilichosema jana ni uongo. Hakushangaa. Akaniambia kwa upole uliozidi tusi, "Nilikuwa nakusubiri, mwalimu. Nenda polisi kwenye dawati la jinsia, fomu ya majeruhi iko kule." Nikaenda na jirani. Yeye alieleza alichokiona kwa macho, mpini wa jembe, mlango, redio. Mimi nikaeleza nilichokijua na nilichokifanya. Askari wa kike aliyekuwa anaandika alisimamisha kalamu nilipofika kwenye ile simu. Akaniuliza, "Ulimpigia wewe mwenyewe?" Nikasema ndiyo. Akaendelea kuandika.

Eliamani alikamatwa akitoka kwenye kikao cha kanisa. Hakuleta fujo. Waliokuwapo wanasema aliomba tu amalizie sala.

Ukoo ukalipuka. Tukaitwa kikao, nyumbani kule juu. Wajomba, mashangazi, kila mtu. Walitaka niende nikafute maelezo. Wakasema haya ni mambo ya ndani, tutamwita Nakijwa tumpoze, mzee wa kanisa hawezi kulala mahabusu kama mwizi wa mifugo. Mama alingoja wengine wote wamalize. Kisha akaniambia mbele yao wote, "Yule alikulimia ukasoma. Elimu aliyokupa ndiyo unayomfungia nayo. Ukienda kusimama mahakamani, siku nikifa usije kunizika."

Nilitaka kumjibu. Nilitaka kumuuliza, mama, wewe ulikuwa unaimba nyimbo gani pale nje? Sikuuliza. Mimi ni nani wa kumuuliza mtu hilo?

Zaina na Mwalimu Elieza niliwaita palepale nyuma ya duka nikawaambia kila kitu. Zaina alikuwa amejaribu kumpigia mwandishi siku nyingi, alitaka kumwambia asikate tamaa. Simu ilikuwa haipatikani. Sasa akajua kwa nini.

"Ulikuwa unajua tangu siku ile?" akaniuliza.

"Nilijua."

"Ukaniambia mimi mtoto, sijui sheria." Machozi yakamtoka. "Mwalimu, kama ningebisha kidogo tu zaidi! Kidogo tu!"

Nikamwambia si kosa lake. Akaniambia nisimguse.

Mwalimu Elieza alikaa na fimbo yake ya kutembelea. "Nami nilikuwa nimeiona nguvu yake," akasema. "Nikakuamini wewe kuliko macho yangu." Akainuka akaondoka. Hajawahi tena kukubali kuwa jaji wa kitu chochote, na tukikutana sokoni ananiitikia salamu tu.

Walimweleza pia yule dereva wa bodaboda, kwa sababu Zaina alisema haki ni haki. Nilimpora na yeye. Angekuwa wa pili kwa halali, akafurahi kwa halali. Badala yake alikirudisha kile cheti, akasema mkewe hataki kitu chenye damu ukutani. Nasikia ameacha kuandika.

Shuleni hawajanifukuza. Wananiheshimu kwa mdomo. Wanafunzi wangu wakileta insha, nashika kalamu nyekundu na kujiuliza nina haki gani.

Nakijwa alipotoka hospitali hakurudi kwa mume. Alikwenda kwao, Mamba, na binti yake. Wanaishi kwa mdogo wake, wanasaidia kuosha na kuanika tangawizi. Mkono uliunga vibaya, vidole viwili havikunji. Sikio la kushoto halisikii.

Mwezi uliopita nilijikaza nikapanda kwenda kumwona. Binti yake alikuwa uani. Zamani mtoto yule alikuwa akiniona ananikimbilia, "Shikamoo shangazi!" hata kabla sijafika. Safari hii alinitazama, akaokota ndoo, akaingia ndani.

Nakijwa alinikaribisha. Alinipa kiti, akanipa chai, maana ni mtu mwenye adabu. Tukakaa, turubai la tangawizi mbele yetu.

"Unaendeleaje?" nikauliza.

"Naendelea, mwalimu."

Mwalimu. Hakuniita wifi.

"Bado unaandika?"

Akafikiri. "Sina wa kumwandikia."

Baadaye akauliza, "Kesi ni lini?"

"Wiki ijayo."

"Utakwenda?"

"Nitakwenda."

"Na mama?"

"Amesema nisimzike."

Hakusema pole. Alichukua chekeche akaanza kugeuza vipande vya tangawizi kwa mkono wa kushoto, taratibu, kimoja kimoja. Nilikunywa chai yangu nikaaga. Hakunisindikiza.

Wiki ijayo nitasimama mahakamani hapa Same, kaka yangu akiwa upande mmoja na mke wake upande mwingine, nami nitasema yote, pamoja na yale yanayonihusu mimi. Sitegemei kusamehewa na yeyote kati yao. Wakili wa kaka atanishambulia, atasema mimi ni muongo niliyebadilisha maelezo. Atakuwa amesema kweli.

Wewe unayesoma, labda hutawahi kuwa jaji wa hadithi. Lakini ipo siku utapewa kuamua jambo la mtu mwingine, kwenye kikao cha shule, kanisani, kazini, popote. Ukiona linakugusa, sema! Sema palepale, kabla soda haijafunguliwa, kabla hujatafuta maneno mazuri. Ukichelewa dakika moja utaanza kupata sababu, na sababu zote zitakuwa na sauti ya busara. Mimi zangu zilikuwa nzuri mpaka mwalimu wangu akazikubali.

Na kama kuna mwanamke nyumbani kwenu anayejifunga mtandio mpaka shavuni, usimsubiri aandike. Mwulize leo.